Karamu ya Kumuaga Shangazi

Mimi niliolewa uke wenza bila kuambiwa. Siku ya posa nilielezwa kila kitu: ukoo wa bwana, kazi ya bwana, hata jino lake la nyuma lililooza. Hakuna aliyenidokeza kwamba bwana anaye mwingine tayari, mweusi tii, mnene, pumzi zake moto mtupu, analala karakana na anaamshwa kabla ya jogoo. Niligundua wiki ya kwanza ya ndoa, nilipofua ovaroli na kukuta grisi mpaka ndani ya mfuko wa kifuani. "Huyu ni nani?" nikauliza. Akacheka, akanishika mkono, akanipeleka kumwona.

Kilikuwa kichwa cha treni ya mvuke. Watu wote wa kota za reli walikiita Shangazi, kwa sababu, kama shangazi yeyote anayejua nafasi yake, hakuna shughuli iliyokwenda bila yeye, alisikika kabla hajaonekana, na akiudhiwa alitoa moshi. Saruji ilikuja na Shangazi. Barua, mbao, ng'ombe, maharusi, jeneza la mtu aliyefia mbali, vyote vilikuja na Shangazi. Akipanda mlima alisema "nipe-makaa, nipe-makaa, nipe-makaa," na akiteremka, "nimeshiba-nimeshiba-nimeshiba," na watoto wetu walijifunza kusema kwa kumwigiza yeye kabla ya kutuigiza sisi.

Mume wangu ndiye aliyekuwa dereva wake, na mpaka leo watu wanamwita Dereva ingawa hana hata baiskeli. Mchochea moto alikuwa bwana mmoja mwembamba tunayemwita Makaa. Kwenye picha ya arusi yake kuna alama ya kidole cheusi juu ya gauni la bibi arusi, na mkewe hajasahau. Aliyemtibu Shangazi akiugua ni kaka yangu wa tumbo moja, Fundi Boila, mtu wa kitambi kikubwa na moyo mkubwa zaidi. Yeye ndiye aliyenikutanisha na Dereva, kwa hiyo lawama zangu zote za ndoa nazipeleka kwake.

Shangazi hakuamshwa kwa pupa. Makaa alianza na vitambaa vyenye mafuta, kisha kuni, kisha makaa ya mawe kidogo kidogo, na wenzake wakizunguka na birika la mafuta wakimpaka viungo kama mzazi aliyetoka kujifungua. Ukimharakisha, anavuja. Ukimchelewesha, ananuna. Mume wangu aliniambia mambo hayo tukiwa kitandani, mimi nikiwa na mengine ya kuzungumza.

Lakini nitasema kweli, kulikuwa na kitu kimoja nilichompendea. Filimbi yake. Kila dereva alikuwa na namna yake ya kuivuta ile kamba, na treni ilipofika kwenye kona ya tangi la maji, dereva alipiga mwito wake ili nyumbani wajue. Wa mume wangu ulikuwa mfupi, mfupi, halafu mrefu unaoteremka mwishoni kama mtu anayejitupa kwenye kochi. Maana yake: mama watoto, weka sufuria jikoni, nakuja. Wanawake wa kota tulizijua filimbi za waume zetu kuliko kikohozi chao. Kulikuwa na dereva mmoja, marehemu sasa, Mungu amrehemu, alikuwa na miito miwili, mmoja wa kota na mwingine wa karibu na daraja. Mkewe alipogundua wa darajani ni mrefu kuliko wake, nyumba ile haikukalika. Lakini hiyo ni habari nyingine, mje nyumbani niwasimulie.

Baadaye vikaja vichwa vya dizeli, vinawashwa kwa ufunguo kama teksi. Shangazi akastaafishwa. Ikasemekana mnunuzi wa vyuma chakavu yuko njiani na mitungi yake ya gesi, atamkata vipande. Siku zile kota ilikuwa kama msibani. Watu walikwenda karakana mmoja mmoja, kimya kimya, wakarudi kimya kimya. Kisha yule mnunuzi akapata matatizo yake huko, hakuja. Shangazi akabaki nyuma ya karakana, kuku wakataga ndani ya tanuri lake, miaka ikapita.

Ndipo akaja Mhandisi. Binti wa watu, suruali na gambuti, bosi mpya wa karakana. Siku ya kwanza alimzunguka Shangazi akimpigapiga ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akawatuma watu wawaite wastaafu. "Wazee wangu," akasema, "huyu anaweza kutembea tena?"

Mngewaona! Mume wangu alitoka nyumbani na ovaroli iliyokuwa haimfungi tumboni. Makaa alikwenda mbio na goti lake bovu. Wakaanza kazi: kukwangua kutu, kubadilisha mabomba ya boila, kuwahamisha kuku kwa amani. Kaka yangu alijipenyeza kwenye mlango wa tanuri akakagua ndani vizuri, kutoka ndiyo ikawa kazi, walimvuta miguu huku Makaa akimwambia, "Pumua nje, Fundi, pumua nje! Hiki kitambi hukuingia nacho?" Na sisi wanawake tulimshukuru Mungu, maana wanaume wakistaafu wanakaa jikoni wanakufundisha kukata kitunguu.

Boila ikapona. Magurudumu yakapona. Tatizo likawa viungo vidogo. Shangazi hakuwa na taa yake kubwa ya mbele. Hakuwa na kibao cha namba. Hakuwa na geji ya kuonyesha nguvu ya mvuke, wala mkono mrefu wa kufungulia mvuke uende kwenye magurudumu. Na juu ya mgongo wake, palipokuwa na filimbi, palikuwa na tundu tu, limezibwa kwa tambara.

Mhandisi akawaita wote karakana. Mimi nilikuwepo, nimepeleka chai. Mimi huwa nipo.

"Wazee wangu, nimetoka makao makuu," akasema. "Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Wamekubali ahifadhiwe na apewe safari za Jumapili, lakini awe na viungo vyake mwenyewe. Hawataki kichwa cha viraka. Akiwa pungufu, amri ya kukatwa iko palepale. Nimebembeleza mpaka ulimi umekauka."

Mume wangu akasimama, na mimi nikajua anataka kuharibu, maana huwa anavuta suruali juu kabla ya kuharibu.

"Mimi nasema hivi. Shangazi hakupungukiwa, aliibiwa! Na walioiba wako humuhumu. Mtu aliyemvua Shangazi viungo vyake, mkono wangu hataushika tena mpaka naingia kaburini. Hata awe ndugu. Hata awe shemeji!"

Akaketi. Watu wakatazama vikombe vyao. Kaka yangu alitazama chake kama vile kimeandikwa kitu ndani.

Sasa, kota nzima wananiita Redio. Sikatai. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtaa wetu ni mimi. Hakuna arusi ambayo sikukoroga sufuria, hakuna msiba ambao sikuchota maji, hakuna mzazi ambaye sikumwogeshea mtoto. Chumba cha kila mtu nimekiona. Kwa hiyo mume wangu alipokuwa anafoka kuhusu wezi, mimi nilikuwa nahesabu nyumba kichwani.

Geji ilikuwa chumbani kwa kaka yangu, imetundikwa juu ya kitanda. Mshale wake umelala kwenye sifuri miaka yote, na wifi yangu husema ndiyo hali halisi ya chumba kile. Taa kubwa ilikuwa jikoni kwa mjane wa Stesheni Masta, anawekea vitunguu. Mkono wa mvuke ulikuwa komeo la mlango wa Mzee Bendera, aliyekuwa anasimamisha treni njia panda. Na kibao cha namba kilifunika pipa la maji kwa Makaa, namba zikiwa zimetazama chini. Nilikijua siku ya msiba wa mama yake, nilipokwenda kuchota maji nikakuta mfuniko mzito kama dhambi.

Filimbi tu ndiyo sikuijua ilipo. Lakini nilijiambia, haba na haba, vingine vikija na yenyewe itakuja.

Na wala hawakuwa wezi, ndiyo maana sikuwahi kusema. Mwizi angeuza. Hawa walikwenda wakati ule wa mnunuzi wa vyuma, kila mmoja akaokoa kipande alichokipenda, akaficha, akanyamaza, akidhani ni yeye peke yake. Sasa wangerudishaje? Mume wangu ameshaapa mbele ya watu. Ukileta taa, umejitangaza mwizi, na Dereva hatakupa mkono hata msibani.

Jioni ile nilikaa barazani pangu, kwenye kiti changu, kikombe nimekiweka ukingoni mwa chungu cha maua kama kawaida yangu. Ni chungu kikubwa, ndani yake mna mshubiri aliotuachia mama mkwe. Mmea wenyewe umedumaa, haukui wala haufi, na mume wangu haruhusu mtu auguse; anaumwagilia mwenyewe. "Ni kumbukumbu ya mama," husema. Nami ni nani nigombane na marehemu mama mkwe? Nikanywa chai, nikafikiri, na kikombe kilipoisha nilikuwa na shauri.

"Baba watoto," nikamwambia wakati wa chakula cha usiku. "Kama Shangazi anakatwa, hatumwachi aende hivihivi. Tumfanyie karamu ya kumuaga. Hapa nyumbani."

Akanitazama. "Karamu ya chuma?"

"Umelala naye mguu mmoja huku mguu mmoja kule miaka yote hiyo, leo unamwita chuma? Watu watakuja, watakula, watamsema vizuri. Na kila mtu alete zawadi, azitie chumba cha nyuma."

"Zawadi za nini tena?"

"Za kumuaga, si za kwako. Kula."

Akala. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni pilipili, na mimi sikuwa nimetia pilipili.

Asubuhi nikaanza mzunguko. Kuna watu wanadhani umbea ni mdomo tu. Umbea ni ufundi. Nilianza kwa mjane wa Stesheni Masta.

"Mama, umesikia? Wote waliokuwa na vitu vya Shangazi wamekubali kurudisha. Wataviweka chumba changu cha nyuma siku ya karamu, ndani ya mifuko, kama zawadi. Hakuna kuuliza nani kaleta nini."

"Wote?"

"Wote. Amebaki mmoja tu, sijui ni nani."

Akageuza macho kwenye vitunguu vyake. "Masikini huyo mmoja," akasema.

"Nami nimemhurumia. Mtu atabaki peke yake, kama kidole kimoja kisichovunja chawa. Haya, nimepita tu."

Kwa Mzee Bendera nikasema hayohayo. Akasema, "Mimi sina habari na vyuma," na huku mlango wake wenyewe unaguna kwa uzito wa komeo. Kwa Makaa nikaomba maji ya kunywa, nikasema hayohayo nikiwa nimeegemea pipa. Mwisho nikaenda kwa kaka yangu.

"Dada," akasema kabla sijaketi, "usinizunguke. Unaijua geji."

"Geji gani?"

"Wewe ndiye uliyesema iko upande, ukainyoosha, siku ile wifi yako anaumwa." Akajikuna kitambi. "Nikiileta na shemeji akajua, je? Umemsikia. Hata awe shemeji, kasema, akanitazama mimi! Tumekula sahani moja toka ujana, yule. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyoa ndevu."

"Hatajua. Mifuko haina majina."

"Na akijua?"

"Akijua, kaka yangu, utakuwa umemrudishia Shangazi. Chagua."

Wifi yangu alisikika chumbani: "Peleka hicho kitu, na sisi mshale wetu upande!"

Siku ya karamu nyumba ilijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Hivyo ndivyo ninavyopenda mimi. Nyumba yenye nafasi inanitia huzuni. Nilifungulia muziki kwa nguvu, na sababu nilikuwa nayo. Kwa mlango wa nyuma waliingia wageni na mifuko, na kila aliyepita nyuma ya pazia, baada ya kidogo ilisikika: kng'aa!

Mume wangu akainua kichwa. "Nini hicho?"

"Sufuria."

Kng'oo! Sakafu ikatetemeka.

"Na hiyo?"

"Sufuria kubwa."

"Watu wanamletea Shangazi sufuria?"

"Kwani wewe ungemletea nini, kanga? Mpe mgeni kiti."

Mzee Bendera aliingia akichechemea, mguu mmoja haukunjiki, maana komeo alikuwa amelipitisha ndani ya suruali. Mjane alikuja ananuka vitunguu mwili mzima. Makaa na mkewe walibeba mfuko wao kwa pamoja, mmoja huku mmoja kule, wakijidai umejaa mchele. Kaka yangu aliingia mwisho, amekumbatia kitu chini ya koti, kitambi kikawa viwili, akaenda nyuma ya pazia na kurudi amepungua. Jasho lilikuwa linamtoka. Mume wangu akamnyooshea mkono kumsalimu, na kaka yangu akaushika mkono ule kwa muda mrefu kuliko salamu, kama mtu anayeaga.

Mhandisi naye alikuja, gauni na viatu vya visigino, watu hawakumtambua mpaka alipocheka.

Tukala. Watu wakasimulia: jinsi Shangazi alivyovuta behewa la arusi na behewa la ng'ombe safari moja, na bwana arusi akapanda lisilo lake. Tulipofika kwenye matunda nikazima muziki. Moyo ulikuwa unanidunda kama mlima wa "nipe-makaa". Nikashika pazia.

"Jamani, Shangazi ameletewa zawadi," nikasema, nikalivuta.

Vilikuwa sakafuni, mifuko imefunuka. Taa, kioo chake kizima, ganda moja la kitunguu limeng'ang'ania ukingoni. Kibao cha namba. Mkono wa mvuke. Geji, imesuguliwa mpaka unajiona.

Mhandisi aliweka sahani chini. Akapiga magoti na gauni lake, akagusa kimoja kimoja. "Taa ipo... namba ipo... mkono... geji." Akatazama huku na huku, akasukuma mifuko. "Filimbi je?"

Watu wakainama kutazama chini ya viti.

"Bila filimbi hatumtoi nje ya karakana," akasema taratibu. "Ndiyo sheria. Na hakuna mtu ninayemjua anayeweza kuyeyusha shaba akaisubu ile upya. Nimeshauliza kila mahali."

Ndipo karamu ikageuka. Waliokuwa wanatazamana wakaacha kutazamana. Makaa, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Filimbi haitoki bila ile spana kubwa. Na spana kubwa, wakati ule, ilikuwa kwa nani? Kwa Fundi Boila."

"Makaa, chunga mdomo wako," akasema kaka yangu.

"Nauliza tu!"

"Mimi nimeleta ge..." Akajiuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka robo tatu. Watu wote wakamgeukia. Akashusha mabega. "Haya. Nimeleta geji. Nilimwokolea Shangazi geji, nimelala chini yake miaka yote hii, na nikiamka naitazama kwanza kabla ya mke wangu. Shemeji, usinipe mkono, sawa. Lakini filimbi sikuichukua. Wallahi sikuichukua."

"Haya, mke wako ni mimi hapa," akasema wifi, "leo geji imetoka ndiyo unanikumbuka."

Watu wachache wakacheka, vibaya vibaya. Mzee Bendera akasema ingekuwa vizuri Fundi atafute vizuri nyumbani, pengine amesahau. Mjane akatikisa kichwa. Nami Redio, ninayejua chumba cha kila mtu, nilisimama na pazia mkononi sina la kusema. Niliwaleta hapa, nikamwanika kaka yangu mbele ya kota nzima, na Shangazi atakatwa vilevile. Nikamtazama mume wangu aseme neno.

Alikuwa ameinamisha kichwa. Akasimama. Akavuta suruali juu. Nikasema moyoni, basi, leo anamfukuza kaka yangu nyumbani kwangu.

Akatupita wote, akatoka barazani. Tukasikia anaguna kama mtu anayeinua gunia. Akarudi amekumbatia chungu cha maua, mshubiri unampapasa uso.

"Mama watoto, sogea."

"Unataka kufanya nini na mmea wa mama?"

"Mama hakuwahi kupanda hata mchicha," akasema, akakiachia chungu.

Kilipasuka katikati ya sebule yangu niliyoipiga deki asubuhi. Udongo ukatawanyika mpaka kwenye viatu vya Mhandisi. Na katikati ya udongo, imefungwa kitambaa cha grisi kilichooza, mizizi imeizunguka kama vidole, ilikuwa filimbi ya Shangazi.

Kota nzima ilishusha pumzi mara moja. Mimi nilikaa chini, palepale sakafuni. Nilikuwa nimeweka kikombe juu yake kila jioni! Nimekaa pembeni yake nikihesabu vya nyumba za watu!

"Nilikuwa wa kwanza," akasema mume wangu. Hakumtazama mtu. "Mnunuzi alipotajwa tu, nikaazima spana kwa Fundi, nikamdanganya bomba la nyumbani linavuja. Niliwaza, wakimkata, watachukua vyuma, lakini sauti hapana. Ile sauti ndiyo iliyokuwa inasema nakuja." Hapo akanitazama mimi, kidogo tu. "Nilirudi kesho yake kumuaga, nikakuta taa hakuna, namba hakuna. Nikasema, wenzangu hawa ni wezi. Mimi nimehifadhi, wao wameiba. Na kila siku nilivyomwagilia huu mmea, ndivyo nilivyozidi kuwachukia."

Hata muziki wa jirani ulikuwa umezimwa, maana jirani alikuwa dirishani.

Kaka yangu alikuja mpaka mbele yake, vigae vya chungu vikilia chini ya viatu.

"Shemeji," akasema, "uliapa kwamba aliyemvua Shangazi viungo vyake, mkono wako hataushika tena."

"Niliapa."

"Sasa wewe mwenyewe utanawa mikono vipi?"

Nyumba ililipuka. Makaa alicheka mpaka akakalia sahani ya matunda. Mume wangu alijaribu kukaza uso, ukamshinda, na kaka yangu akamshika ule mkono wenye udongo kwa mikono yake yote miwili. Kisha mume wangu akapita kwa Makaa, kwa Mzee Bendera, kwa mjane, anawapa mkono mmoja mmoja na kumpaka kila mtu tope. Na wifi yangu, ambaye nimemsengenya vya kutosha hivyo sina haki ya kulalamika, aliniinamia pale chini akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika na wote: "Redio, leo umeshika stesheni ya kwako. Nyani haoni kundule."

Mpaka leo wananitania. Nikipita wanauliza maua yangu hayajambo.

Mkaguzi alipokuja, Shangazi alikuwa amewashwa tangu alfajiri, taratibu, kama zamani. Mhandisi alikuwa na ovaroli yake. Kaka yangu alisimama mbele ya geji akiuona mshale unapanda, na wifi alikuwepo kushuhudia. Mkaguzi alizunguka, akagonga, akainama, akatazama juu. "Filimbi," akasema.

Mume wangu akashika kamba. Akavuta. Shangazi akakohoa. Akatoa bonge la udongo na mzizi mmoja mrefu wa mshubiri, vikapaa angani na kutua juu ya kofia ya mkaguzi. Mkaguzi akaivua kofia, akautazama mzizi.

"Huyu anaota maua?" akauliza.

"Ni kumbukumbu ya mama," akasema Makaa.

"Vuta tena," akasema mkaguzi.

Mume wangu akavuta tena. Mfupi. Mfupi. Halafu ule mrefu unaoteremka mwishoni, ukapita juu ya karakana, juu ya tangi la maji, ukaenda kotani, na mbwa wote wakaanza kubweka. Mkaguzi alikuwa anatabasamu na kusema jambo kwa Mhandisi, na Mhandisi alikuwa anaruka ruka kama msichana mdogo, lakini mimi sikusikia waliyosema. Nilikuwa nimeshageuka, nimefika nusu ya njia ya kwenda nyumbani, natembea haraka, kanga imekaza kiunoni, ndipo nikajikamata. Mtu mwenyewe yuko nyuma yangu pale juu ya kichwa cha treni, na mimi nakimbilia wapi?

Nikageuka. Alikuwa amechungulia nje ya dirisha la Shangazi, uso mweusi kwa moshi, jino lake moja la nyuma halipo, anacheka.

"Mama watoto! Unakwenda wapi?"

"Kuweka sufuria!" nikamjibu kwa sauti, kota nzima isikie. "Nawe umlete na huyo mwenzangu, tule wote!"